Watoto Wote Wako kwa Bibi

Uliangalia pembeni. Usiniambie ulikuwa unachambua mchele, maana ungo wako nilikuwa nauona kutoka pale nilipokaa, na ulikuwa mtupu. Tabita alisimama mbele ya mlango wake akasema aliyosema mbele ya afisa, akageuka kukutazama, na wewe ghafla ukapata shughuli na kidole chako cha mguu. Mwingine akaanza kuita kuku. Mwingine akaingia ndani kuepua chungu ambacho hakuwa amekibandika.

Mimi sisahau. Mnanisema kwa hilo tangu zamani, kwamba Raphaeli fundi matoroli ana kichwa kama stoo ya vyuma chakavu, kila kitu kimo na hakuna kinachooza. Sawa. Leo nakutolea kilichomo, kipande kwa kipande, ili Alhamisi ikifika usiseme hukuelewa.

Matairini unapajua kwa sababu unaishi hapa, lakini unapajua asubuhi na jioni tu. Alfajiri mnatoka, wake kwa waume, mnakwenda mpakani. Wengine wana vibali, wengine wanapita njia za panya, sitaki kujua nani anapita wapi. Mnavusha sabuni, mchele, nguo za mtumba, mnarudi na kwacha mfukoni na viuno vinavyouma. Mchana mtaa huu nabaki nao mimi. Kibanda changu kinatazamana na vyumba vyenu vya kupanga, mlango kwa mlango, kufuli kwa kufuli. Unadhani mtaa mchana uko kimya. Kuna mmoja hugonga sufuria. Kuna mmoja huimba wimbo wa chekechea ambayo hajawahi kuingia, ameuokota kwa dada yake. Kuna mmoja ambaye kilio chake nimekizoea kiasi kwamba kikikatika ndipo nanyanyua kichwa.

Na kulikuwa na Ipyana.

Ipyana ni mtoto wa Tabita, huyu Mnyiha wa Igamba aliyepanga chumba cha mwisho karibu na choo. Kwao wana kahawa, kwa hiyo msidhani alikuja mjini kwa njaa. Alikuja kwa ajili ya mume. Yonasi, Mndali wa Mbebe, alikuwa utingo wa malori, na mwaka juzi alipanda lori la kwenda Kongo akasema atarudi baada ya mafuta kushushwa. Mpaka leo yanashushwa. Tabita akabaki na chumba, na mtoto, na jina ambalo mtoto alipewa na ukoo wa baba yake. Akaanza kumbebea mzigo tajiri mmoja wa Nakonde, ng'ambo upande wa Zambia. Katoni za sabuni. Mwanzoni alikuwa anabeba mtoto mgongoni na katoni kichwani. Tajiri akamwambia kwa lile neno lao la kumwita mama, "Mayo, kichwani unavusha katoni moja. Wenzako mgongoni wana mbili." Tabita akanisimulia hayo huku nikimfungia kamba. Akasema, "Mgongo ni mmoja, mzee Raphaeli. Sikupewa mwingine."

Nikamuuliza kwa nini asitafute binti wa kumshikia mtoto. Akacheka. Mabinti wa kazi siku hizi wanakimbilia Saza, kuwapikia wachimba dhahabu, kunalipa kuliko kushika mtoto wa mbeba katoni. Hilo nilikuwa nalijua. Nilimuuliza tu ili nimuulize.

Basi akamfungia. Kama wewe. Maji kwenye kikombe cha plastiki, uji kwenye bakuli, ndoo kwenye kona, kufuli. Ipyana hakuwa mtoto wa kulia. Alikuwa analala kifudifudi sakafuni, pua kwenye ule mwanya wa chini ya mlango, na vidole vyake anavitoa nje. Vidole tu. Anavichezesha kwenye vumbi. Ukipita na ndoo unavikwepa. Nimekuona ukivikwepa. Ulikuwa unainua kanga kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi.

Siku moja kijana wa mzigo alirudisha toroli nyuma ili lori lipite. Toroli lilikuwa limejaa magunia. Gurudumu likapita pale. Sauti sitaieleza. Tulivunja kufuli kwa nyundo yangu, nikambeba mtoto mpaka zahanati, na huko muuguzi akauliza swali ambalo ni haki yake kuliuliza: mama yuko wapi. Tabita alipofika, jasho la mpakani bado liko usoni, akajibu ukweli. Muuguzi akamwita afisa ustawi wa jamii.

Huyo ndiye Bwana Alinanuswe. Simpendi, lakini sitamsingizia. Hakumfokea. Alimwambia mbele yangu, "Mama, nikimkuta tena huyu mtoto amefungiwa peke yake, nitawaita ndugu za baba yake wamchukue. Sheria haiangalii sura yako imechoka kiasi gani." Tabita akasema, "Nimesikia, afisa." Kidole kimoja kilikatwa mpaka kwenye kiungo. Vingine vilipona. Kesho yake alimfungia tena, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumanne na sabuni ilikuwa inasubiri.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye jambo.

Lile jengo refu nyuma ya soko, la matofali ya kuchoma, unalijua kwa popo wake. Mimi nalijua kwa mchanga wake. Mama yako aliubeba ule mchanga kichwani kutoka mtoni. Kama si mama yako, ni wa jirani yako. Waliambiwa ni zahanati. Likawa ghala la mahindi. Likawa ofisi ya wagombea, wakabandika picha zao mpaka kwenye madirisha. Likawa la popo. Nimekwenda kuliulizia kwa wenyeviti wa mtaa wote waliopita hapa, na kila mmoja aliniambia linafanyiwa kazi. Nikaambiwa mimi ni mchochezi. Nikasema mchochezi ni wa moto, na hapa naona majivu tu.

Mwaka huu ndiyo kidogo pakawa na mlango. Watu wa shirika moja la dini walikuja, mama mmoja mtulivu anaitwa Elizabeti, wakasema wao wako tayari kuwalipa walezi na kuweka magodoro na uji, kiwe kituo cha kulelea watoto mchana. Ofisi ikasema jengo litatolewa. Lakini kila upande ukaweka sharti lile lile: mtaa uonyeshe uhitaji. Watapita nyumba kwa nyumba, waone watoto wadogo ambao mchana hawana mtu. Wakiwaona, kituo kinafunguliwa. Wasipowaona, jengo lina mwombaji mwingine, mfanyabiashara wa spea, anataka kuhifadhia gia na matairi.

Niliwaita tukakutana hapa kibandani Jumapili baada ya ibada. Mlikuja wengi, nakiri. Mkakaa kwenye magurudumu yangu. Nesta, Mama Angel, ndiye aliyeanza kunichokonoa.

"Mzee Raphaeli, kituo cha watoto kinakuhusu nini wewe? Una ziwa?"

"Ziwa sina. Nina masikio."

"Basi tia pamba."

Mkacheka. Hata Tabita alicheka, na Ipyana mapajani mwake, mkono umefungwa bandeji kama mhindi wa kuchoma uliofungwa gazeti. Ruti akasema hicho kituo ni kizuri, yeye atampeleka wake siku ya kwanza na kumchukua siku atakapooa. Mkacheka tena. Nikawaambia jambo moja tu, nikalirudia: wakija, msifiche. Mtoe watoto nje. Mseme ukweli. Mkasema ndiyo. Kwenye grupu la mtaa la WhatsApp mkajaza ile mikono ya kusali.

Nilipaswa kukumbuka vyandarua. Nilikumbuka, ila nilidhani nyinyi ndio mmesahau. Mwaka ule vyandarua vinagawiwa kwa hesabu ya watoto, Matairini palikuwa na mapacha kila nyumba. Kulikuwa na mzee mjane, Mungu amrehemu, aliandikisha wachanga. Kisha ukaja mwaka wa michango ya madawati, kila mzazi kwa idadi ya watoto wake, na mtaa mzima ukawa tasa. Anayeuliza ndiye anayeamua tuna watoto wangapi. Na safari hii aliyetumwa kuuliza, akiwa na yule mama wa shirika, alikuwa Bwana Alinanuswe mwenyewe. Mtu yule yule aliyesema atachukua mtoto wa anayefungia ndiye aliyekuja kuuliza nani anafungia. Sijui nani ofisini alilipanga hivyo. Labda hakuna aliyepanga. Labda ndiye pekee aliyekuwa na pikipiki yenye mafuta.

Walifika asubuhi ya siku ambayo malori yaligoma kutembea, mfumo wa forodha ulikuwa umelala, kwa hiyo wote mlikuwepo nyumbani. Nilishukuru Mungu kwa ule mfumo. Nikaketi kibandani.

Walianza kwa Ruti.

"Mama, una mtoto wa chini ya miaka mitano?"

"Ninaye, afisa. Mmoja."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwa bibi yake."

"Wapi?"

"Igamba."

Ndani mtoto akaita mama. Afisa akautazama mlango. Ruti akasema, "Huyo wa jirani, amekuja kucheza."

Wakaenda kwa jirani. Jirani wake alikuwa na binti wa miaka miwili, mnamjua wote. Yuko kwa bibi, Vwawa. Wakaenda kwa wa tatu. Kwa bibi. Wa nne, mzaliwa wa huku huku Momba, akasema kwa bibi, na bibi yuko Nakonde, na mtoto ana kadi ya kliniki ya Nakonde, na kwa kweli ukitazama vizuri huyo ni mtoto wa Zambia. Alisema hivyo huku nepi za yule Mzambia zikimdondokea maji begani kutoka kwenye kamba.

Wakafika kwa Nesta.

"Angel yuko kwa bibi," akasema kabla hajaulizwa.

Ndani mtu akakohoa.

"Na huyo?" akauliza afisa.

"Redio."

"Redio inakohoa, mama?"

"Betri zimekwisha, afisa."

Mama Elizabeti alishika mdomo wake asicheke. Afisa hakucheka. Aliandika. Mimi nilikuwa nimeshika spana mkononi na sikumbuki nilikuwa nataka kuifanyia nini.

Nakuelewa, usidhani sikuelewi. Huku kwetu hakuna jibu safi kama hilo. Mtoto aliye kwa bibi ana kwao, ana maziwa, ana mtu wa kumwita jina. Mama ambaye mtoto wake yuko kwa bibi ana ukoo unaomkubali. Ukisema mwanangu yuko ndani na kufuli, umesema huna mama, huna mkwe, huna dada, umetupwa. Nani atasimama mbele ya majirani aseme ametupwa? Na hao bibi wenyewe nawajua. Bibi aliyetajwa na Ruti amelala Igamba chini ya mgomba mwaka wa nne sasa. Mama mkwe wa Nesta anauza nyanya Nakonde kuanzia alfajiri, na ana mjukuu mwingine kamfungia huko huko. Nakuelewa kabisa. Lakini kukuelewa hakunizuii kukuuliza.

Wakafika chumba cha mwisho.

Tabita alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia majibu yote, mlango kwa mlango, yakija kwake. Angeweza kusema Mbebe. Bibi wa Ipyana yuko hai, yuko Mbebe kweli, na angeaminika kuliko nyinyi wote. Alikuwa na uongo mzuri kuliko wa mtu yeyote pale.

Afisa akamtambua. Akasema taratibu, "Mama Ipyana. Mtoto yuko wapi?"

Akaingia ndani akamtoa. Akamsimamisha chini, nje, kwenye jua.

"Huyu hapa. Juzi nilimfungia. Jana nilimfungia. Kesho forodha ikifunguka nitamfungia, maana sina pa kumweka. Ndiyo maana mmekuja, sivyo? Mlisema mnatafuta wanaofungia. Ni mimi. Na si mimi peke yangu, afisa. Waulize hawa."

Akawageukia.

Hapo ndipo ulipoangalia kidole chako cha mguu.

Afisa alingoja. Nitamsifu kwa hilo, alingoja muda ambao mtu mwingine asingengoja. Akauliza, "Kuna mwingine?" Kuku wakaitwa. Nikasimama mimi, nikasema, "Afisa, mimi nakaa hapa kila siku. Nawasikia. Mlango ule, na ule, na ule."

"Mzee, wewe una mtoto mdogo?"

"Sina."

"Basi nisaidie. Siwezi kuhesabu masikio."

Mama Elizabeti akaniangalia kama mtu anayetaka kusema kitu, kisha akaangalia karatasi yake. Mtaa mzima, mtoto mmoja. Akasema kwa sauti ya chini, bila ubaya, "Kwa mtoto mmoja hatuwezi kufungua kituo. Mtoto mmoja anatafutiwa ndugu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mtu mmoja alisema kweli, na kweli ikiwa peke yake inageuka kuwa kosa la huyo aliyeisema. Kama mngesema watano tu, lingekuwa tatizo la mtaa. Aliposema mmoja, likawa tatizo la Tabita.

Lusajo alikuja Jumamosi. Ni mdogo wake Yonasi, mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka kola inasimama. Alileta gunia dogo la viazi kutoka kwa mama yake. Tulikaa uwanjani, maana Tabita aliomba niwepo, hakuwa na mzee wake mwingine mjini.

"Shemeji, mimi sikuja kwa ugomvi."

"Najua, shemeji."

"Tumepigiwa simu na ofisi. Mama amesema mtoto wa Yonasi hawezi kulala chini ya mlango wakati nyumba ipo."

"Mama yuko sawa."

"Atakula. Kule kuna maziwa, kuna wenzake."

"Najua."

"Kuna baridi tu. Una sweta lake?"

Akalitoa sweta. Akatoa na kile kikombe cha plastiki. Akaeleza kwamba mkono ule usilowe, kwamba akikataa uji aongezewe chumvi badala ya sukari, kwamba akiamka usiku hasemi, anakaa tu, kwa hiyo mtu awe anaamka kumwangalia. Alisema yote hayo kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia toroli lake linavuta upande wa kushoto. Lusajo alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nilitaka mmoja wao alie ili nijue tuko wapi. Hakuna aliyelia.

Tuliwasindikiza mpaka kituo cha Mpemba, kwenye gari la Ileje linalopita Mbebe. Ipyana alikuwa hajawahi kupanda gari. Alipenda kioo. Aliweka vidole vyake juu ya kioo, vile vizima, akavichezesha, gari likaondoka. Tabita akaniambia, "Twende, mzee, mchana tajiri ana mzigo." Tukarudi. Alichukua katoni mbili, akazifunga mgongoni kwa mbeleko ya Ipyana, ile ya maua ya bluu, akanyanyuka, akaenda.

Jioni mlimjia. Hilo nalo nalikumbuka, siwadhulumu. Mlileta ugali na dagaa, mkakaa naye mlangoni. Nesta akasema, "Pole, mdogo wangu. Lakini afadhali. Kule atanenepa."

Tabita akasema, "Ndiyo. Yuko kwa bibi."

Mlikaa pale mkikata matonge, na wa kwake ndiye mtoto pekee wa Matairini aliye kwa bibi kweli. Wa kwenu walikuwa nyuma ya migongo yenu, wanajikunja kwenye kanga, wamekaa mjini.

Tangu siku ile Tabita anabeba katoni mbili kila safari. Tajiri amemsifu. Chumba hafungi tena, mlango unabaki wazi mchana kutwa, hakuna cha kuibiwa. Nikimsalimia anaitika. Nikimuuliza habari za Mbebe anasema nzuri. Wiki iliyopita alimpigia Lusajo, Lusajo akaweka simu kwenye sikio la mtoto, na mtoto hakusema kitu, Tabita akasikia anapumua. Aliniambia, "Alikuwa anapumua vizuri." Akaenda kuoga.

Mimi nilikwenda ofisini. Nilikwenda nikiwa na maneno, mnajua ninavyokuwa na maneno. Nikamkuta Bwana Alinanuswe anakula mhindi. Nikamweleza historia ya jengo tangu mchanga. Nikamweleza vyandarua. Nikamweleza kwamba huwezi kumtuma askari aende kuuliza nani mwizi halafu ukaandika kwamba mji hauna wezi. Akanisikiliza mpaka gunzi likawa jeupe.

"Mzee Raphaeli, unafikiri sijui?" akasema. "Redio inakohoa, nisijue?"

"Basi andika unachojua."

"Siandiki ninachojua. Naandika ninachoonyeshwa. Nikiandika watoto wengi na wakubwa wakija wasiwaone, ni mimi nitakayeulizwa."

Kisha akasema jambo ambalo ndilo limenifanya niandike haya. Alhamisi atapita tena Matairini, mara ya mwisho, kwa sababu yule mama wa shirika ameomba. Atakuja naye huyo mama, na mwenyekiti wa mtaa atakuwepo, na mbele ya mwenyekiti amekubali kwamba hakuna mzazi atakayechukuliwa hatua kwa atakachosema Alhamisi. Baada ya Alhamisi, funguo zinakwenda kwa mtu wa spea.

"Niletee watoto, mzee," akasema. "Maneno yako ninayo tayari."

Nikampigia Lusajo. Akamuuliza mama yake, nikiwa nasikiliza. Yule bibi ana magoti mabovu na jicho moja halioni, na Ipyana ameshajua kukimbia. Alisema kwa Kindali, Lusajo akanitafsiria, kwamba yeye hakutaka kumnyang'anya mtu mtoto. Pakiwepo mahali pa kumweka mchana, wamrudishe kwa mama yake, hata kesho. Pasipokuwepo, atakaa Mbebe, atasoma Mbebe, na itakuwa vigumu baadaye kumwambia yule anayepiga simu ni nani.

Kwa hiyo ujue unachokishika. Si jengo tu.

Nimepita kwenu mlango kwa mlango tangu Jumatatu. Hamkunifukuza. Mlinipa kiti. Ruti alisema, "Akitoka Nesta na Angel wake, na mimi nitatoka." Nikaenda kwa Nesta. Nesta alisema, "Mimi sina shida, mzee, ila siwezi kuwa wa kwanza. Si umeona wa kwanza alichopata? Akitoka Ruti nitatoka." Yule mwenye mtoto wa Zambia akasema atawaangalia wenzake. Nikazunguka mtaa mzima, nikarudi pale nilipoanzia. Kila mmoja yuko tayari kuwa wa pili.

Nilimwambia Tabita. Nilidhani atakasirika. Alisema, "Wana haki ya kuogopa." Akaongeza, "Alhamisi mimi siendi mpakani. Nitakaa hapo nje." Nikamuuliza atakaa afanye nini, naye hana mtoto wa kuonyesha. Akasema, "Nitakaa tu."

Leo ni Jumatano. Karatasi hii nimeipitisha chini ya mlango wako kwa sababu ana kwa ana unanipa kiti na chai, na chai yako ni tamu, nasahau nilichofuata. Unaisoma umerudi, umevua viatu, mtoto yuko kwenye paja lako. Usingoje kesho uone nani ametoka. Kesho utakuta kila mtu anachungulia kupitia pazia akikungoja wewe. Usiandike kwenye grupu. Usiweke mikono ya kusali. Mbebe mtoto wako sasa hivi, kabla uji haujapoa, uende naye mpaka kwa Ruti au kwa Nesta, yeyote aliye karibu, umwambie kwa mdomo wako: kesho wa kwanza ni mimi, nitakaa mlangoni na huyu mapajani, na wakiuliza yuko wapi nitasema yuko hapa na mchana hana mtu. Kisha mngoje avae viatu, mwende wawili kwa wa tatu.

Nyanyuka. Viatu vyako viko hapo mlangoni.